Lango la Tatu na Lango Namba Tatu

Kiswahili kina njia tatu za kuliweka neno "tatu" ubavuni pa nomino, na kila njia ina maana yake. Nikisema "malango matatu", nimetaja idadi. Nikisema "lango la tatu", nimetaja nafasi katika mpangilio: yapo mawili yaliyotangulia, na anayenisikia ana haki ya kuyahesabu hayo mawili kabla ya kulifikia. Nikisema "lango namba tatu", sikutaja idadi wala mpangilio, nimetaja jina. Lango hilo laweza kuwa la kwanza kwa anayeingia, laweza kuwa la kumi. Tatu ni jina lake tu, kama vile mtu aitwaye Jumanne anavyobaki kuwa Jumanne hata siku ya Ijumaa.

Somo hili nilifundishwa chuoni nilipokuwa nikisomea ualimu, nami nikalifundisha shuleni hadi nilipostaafu. Wanafunzi wengi waliliona kuwa ni la mitihani, la kukaririwa na kusahauliwa. Leo nataka kulitazama mahali ambapo hakuna mtihani bali kuna watu, yaani katika viwanja vya ndege, ambako majengo na malango hupewa majina na namba, na baada ya miaka hubadilishiwa.

Huenda msomaji akauliza, mwalimu mstaafu wa Shinyanga ana nini na viwanja vya ndege? Nilipokuwa kijana, ndege kwetu ilihusishwa na wakubwa wa mgodi wa almasi wa Mwadui, ule ulioanzishwa na John Williamson mwaka 1940. Siku hizi mambo ni mengine. Mchimbaji mdogo wa Geita aliyepata chochote, mfanyabiashara wa Kahama, mwanafunzi, mgonjwa mwenye rufaa, wote hao huenda Mwanza na kupanda ndege ya Dar es Salaam, wakaokoa siku nzima ya kukaa ndani ya basi. Wengi wao hawakuzoea vibao vya viwanjani. Wamezoea kusikia na kuuliza. Kwao lugha ndiyo kibao.

Tuanze na kiwanja kikubwa cha nchi yetu. Kile cha Dar es Salaam kilipewa mwaka 2005 jina la Mwalimu Julius K. Nyerere, na mwaka uliofuata jina likafupishwa, kikawa Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere. Neno lililoachwa njiani ni "Mwalimu". Kwa mtu wa kazi yangu upungufu huo hauwezi kupita bila kuonekana, ijapokuwa najua kwamba jina fupi hukaa vizuri zaidi kwenye tiketi. Hata hivyo, dereva wa teksi hajali jina refu wala fupi. Yeye huambiwa "eapoti" na huondoa gari. Nazo zile herufi tatu zinazobandikwa kwenye mizigo, DAR, hazikuguswa. Vivyo hivyo Nairobi: kiwanja kilichofunguliwa Embakasi mwaka 1958 kilipewa jina la Jomo Kenyatta mwaka 1978, na sanduku liendalo huko bado hubandikwa NBO. Majina hubadilika kwa heshima ya watu, lakini mizigo huendelea kufuata miji.

Tukiingia ndani ya kiwanja, tunayakuta majengo ya abiria. Napenda sana istilahi hii, "jengo la abiria", kwa kuwa haihitaji maelezo. Asiyewahi kuliona jengo hilo huelewa mara moja linamhusu nani. Dar es Salaam ina Jengo la Kwanza, Jengo la Pili na Jengo la Tatu. La Pili lilifunguliwa mwaka 1984, likiwa limesanifiwa na Mfaransa Paul Andreu. La Tatu lilizinduliwa na Rais John Magufuli tarehe 1 Agosti 2019, likiwa na uwezo wa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Hapa namba za mpangilio zinasema kweli: la kwanza ndilo kongwe, la pili likafuata, la tatu ndilo changa.

Lakini kuna jambo lililotokea ambalo kibao hakikulisema. Kwa miaka 35 "Jengo la Pili" lilikuwa ndilo jengo la safari za nje. Aliyekwenda Muscat, Dubai au London alipita hapo, na waliomsindikiza walilia hapo. Lilipofunguliwa Jengo la Tatu, safari za nje zilihamia huko, na la Pili likabaki na safari za ndani. Namba haikubadilika hata kidogo; kilichobadilika ni maana yake. Mtu aliyeondoka nchini mwaka 2015 na kurudi miaka mitano baadaye angeweza kusema sentensi ile ile, "Nipeleke Jengo la Pili, nina safari ya nje", na sentensi hiyo, isiyo na kosa la sarufi, ingemfikisha mahali pasipo ndege yake.

Nairobi walikwenda njia nyingine. Huko majengo yalihesabiwa moja, mbili, tatu, na jengo jipya lililokuwa likijengwa lilijulikana kuwa ndilo la nne. Tarehe 7 Agosti 2013 moto mkubwa uliteketeza ukumbi wa abiria wanaowasili kutoka nje. Jengo jipya lilipoanza kutumika mwaka 2014, halikuitwa nne. Liliitwa 1A, na yale ya zamani yakapangwa nyuma yake kwa herufi zinazofuata, yote chini ya namba moja. Kwa lugha ya nyumbani, kitindamimba alipewa nafasi ya kifunguamimba, na kaka zake wakasogea nyuma. Wahandisi walikuwa na sababu zao: majengo yale yameungana kama nusu duara, kwa hiyo ni jambo la busara kuyahesabu kuwa ni moja lenye sehemu nyingi. Hata hivyo, familia nyingi zilizozoea majina ya zamani zililazimika kujifunza upya.

Jambo hili si letu peke yetu. London, katika kiwanja cha Heathrow, jengo namba 1 lilifungwa mwaka 2015. Lile la 2 lilibomolewa, likajengwa upya na kufunguliwa mwaka 2014. Hivyo leo huko kuna 2, 3, 4 na 5, na hakuna 1. Katika kiwanja cha O'Hare, Chicago, kuna 1, 2, 3 na 5. Ukisema kwa Kiswahili kwamba ndege yako iko "jengo la tano" la Chicago, umesema jambo lisilokuwapo, maana majengo yenyewe ni manne. Ukisema "jengo namba tano", umesema kweli. Kiunganishi kidogo "la" ndicho kinachotenganisha kauli hizo mbili.

Tena kuna suala la herufi. Malango mengi ya viwanja vikubwa hupewa herufi na namba pamoja, ili upande mmoja ukiongezewa malango mapya, upande wa pili usiguswe. Ni mpango mzuri kwenye karatasi. Lakini sikio la mtu aliyesoma kwa Kiswahili limelelewa na irabu a, e, i, o, u. Kipaza sauti kikitamka A kwa Kiingereza, hutoka sauti iliyo karibu na "ei", naye hutafuta E. Kikitamka E, hutoka "i", naye hutafuta I, herufi ambayo kwenye kibao hufanana na tarakimu 1. Nairobi ina 1A na ina 1E. Mtu mwenye sikio la Kiswahili akitangaziwa kwa Kiingereza ana kila sababu ya kwenda kusiko. Kosa si la sikio lake wala la elimu yake.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Dada yangu mkubwa, ambaye alinibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, alipatwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Tulimtafutia nafasi ya upasuaji mbali na nyumbani, tukauza ng'ombe wawili, tukakata tiketi. Siku ya safari, ndani ya kiwanja kimoja ambacho sitakitaja, wasindikizaji waliachwa nje kama ilivyo kanuni. Mhudumu akamwambia kwa adabu kabisa: "Mama, nenda lango la tatu." Dada hakuweza kusoma kibao, alichoweza ni kuona mwanga wa milango ya vioo. Basi akafanya alichoambiwa. Akauhesabu mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu, akaketi mbele yake na mfuko wake wa dawa magotini. Lango lenye namba 3 lilikuwa upande mwingine wa ukumbi. Tangazo lilipita mara mbili, na mara zote lilitaja namba, naye alikuwa ameketi kwenye mpangilio. Ndege ikaondoka. Nafasi yake ya upasuaji ikapewa mwingine, naye akangoja wiki saba katika giza lile.

Tulipomuuliza, alijibu kwa sentensi moja: "Aliniambia la tatu, nami nikalihesabu la tatu." Ningekuwa nasahihisha insha, ningempa alama zote. Alikielewa Kiswahili barabara. Aliyemwelekeza ndiye aliyelitumia neno la mpangilio mahali pa neno la jina, kama tunavyofanya wengi wetu kila siku, kwa sababu hakuna aliyeona kuwa tofauti hiyo ina gharama.

Wasukuma tuna utaratibu wetu wa kuelekezana. Kwetu upande wa kaskazini ni sukuma, kusini ni dakama, mashariki ni kiya, magharibi ni ng'weli. Jina la kabila letu lenyewe ni mwelekeo: Msukuma ni mtu wa kaskazini, aliitwa hivyo na aliyesimama kusini kwake. Mzee akikuelekeza nyumba ya mtu, hakuambii "ya tatu" isipokuwa mko mnaitazama safu moja kutoka pembe moja. Atakwambia elekea dakama hadi mbuyu, kisha geukia kiya. Maelekezo hayo hayategemei wewe umeanzia kuhesabu wapi. Hesabu ina mwanzo, na mwanzo huo kila mtu anaweza kuuweka pake. Jua halina tabia hiyo.

Cha kushangaza ni kwamba ndani ya kiwanja cha ndege, wapo wanaoelekezwa kwa namna ya Kisukuma, nao ni marubani. Barabara ya kurukia na kutua ndege hupewa namba kufuatana na dira. Barabara kuu ya Dar es Salaam inaitwa 05 kwa anayeelekea nyuzi kama 50, na 23 kwa anayeijia kutoka upande wa pili, akielekea nyuzi kama 230. Namba hizo hazihesabu barabara, zinaeleza uelekeo. Na kwa kuwa ncha ya sumaku ya dunia husogea polepole, barabara nazo hubadilishiwa namba pale dira inapowataka wafanye hivyo. Stansted, Uingereza, mwaka 2009 barabara iliyoitwa 05 na 23 ikawa 04 na 22, ingawa lami haikusogea hata shubiri moja. Mabadiliko ya namna hiyo hutangazwa mapema, kwa kalenda ya dunia nzima yenye mizunguko ya siku 28, ili ramani zote zibadilike siku moja. Rubani hupewa taarifa, tarehe na ramani mpya. Abiria hupewa kibao kipya asubuhi, akijaliwa kukiona.

Washairi wataielewa hali hii wakikumbuka tenzi. Mhariri akiuondoa ubeti mmoja, kila ubeti unaofuata hubadilika namba, ilhali ndani yake halikubadilika neno. Ndiyo maana wanaonukuu Al-Inkishafi, utenzi uliochapishwa na wahariri mbalimbali kwa idadi za beti zinazotofautiana, hulazimika kutaja pia chapa waliyoitumia. Namba ya ubeti ni ya mpangilio. Jina la ubeti hukaa katika maneno yake ya mwanzo, na wazee walioukariri waliutaja kwa maneno hayo. Lango nalo lingepaswa kuwa na kitu kama hicho, kitu ambacho hakiondoki namba inapoondoka.

Je, watu hukataa majina mapya? Uzoefu wa huku kwetu haunionyeshi hivyo. Mwaka 2012 ulipoundwa Mkoa wa Geita, watu wa Bukombe na Mbogwe walitoka Mkoa wa Shinyanga bila kuhamisha jiko. Walilizoea jina jipya, kwa kuwa lilibadilisha mahali pa kupeleka barua na kesi. Mwaka 2017 serikali ilipoyazuia makontena 277 bandarini, mzigo uliotoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, nchi nzima ilijifunza neno "makinikia" ndani ya majuma machache. Hapo awali tulisema "mchanga wa dhahabu". Neno jipya lilisikika kuwa ndugu wa kitenzi "makinika", lilitangazwa kwa Kiswahili, lilirudiwa redioni kila siku, na kila mtu alijua linamgusa. Muuza ndizi wa Kahama alilitamka bila kusitasita. Watu hawaogopi neno jipya. Huogopa neno ambalo hawakuambiwa, au waliloambiwa kwa lugha isiyo yao.

Kwa hiyo nina mapendekezo machache, na nayaweka mbele ya wapenzi wa lugha kwa kuwa ni kazi yetu kuyasemea, hata kama vibao si vyetu.

La kwanza, tusichanganye mpangilio na jina. Pale ambapo namba ni jina, tuseme na tuandike "lango namba tatu". Neno "namba" linagharimu silabi mbili tu. Vivyo hivyo majengo: ikiwa yanahesabika kwa utaratibu, "Jengo la Tatu" ni sahihi na linapendeza, siku moja likibomolewa la kwanza, ama tubadili kauli tuseme "Jengo Namba Tatu", ama tukubali kuwa tunasema lisilokuwapo. Anayesema "teminali tatu" hajatusaidia, kwa sababu kauli hiyo yaweza kuwa jina la moja na yaweza kuwa idadi ya zote.

La pili, herufi itamkwe kwa Kiswahili katika tangazo la Kiswahili, na ipewe neno la kuisindikiza: A ya asali, E ya embe, I ya imani. Walimu wa darasa la kwanza wamefanya hivyo tangu zamani, na watoto hawakupotea.

La tatu, jina au namba ikibadilishwa, ya zamani isifutwe usiku mmoja. Iachwe ubavuni kwa muda unaojulikana, kibaoni na kwenye kipaza sauti, ili aliyeondoka na jina la zamani aweze kurudi kwa jina hilo na kulikuta la sasa. Marubani wana siku zao 28. Nasi tuombe zetu.

La nne, Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, lishirikishwe kabla vibao havijachongwa. Istilahi nzuri tunazo tayari: jengo la abiria, lango, ukumbi wa kusubiria, mapokezi ya mizigo. Ugumu ni kwamba maneno haya huishia kwenye hotuba za uzinduzi, kisha ukutani hubakia ya lugha nyingine, na mhudumu akabaki kutafsiri kichwani mwake, kwa haraka, mbele ya bibi asiyeona.

Kiwanja chetu cha Shinyanga, kule Ibadakuli, kimekuwa katika ujenzi wa kukipanua. Kile cha Mkoa wa Geita kipo Chato, na watu wanakitaja kwa majina yote mawili, Geita na Chato. Katika viwanja vidogo kama hivi hakuna jengo la kwanza, kwa sababu bado halijazaliwa la pili. Ni "jengo" tu, na anayeuliza huelekezwa kwa kidole. Nami naona huu ndio wakati mzuri wa kuamua tutayaitaje majengo na malango yetu, wakati bado hayana namba za kubadilisha, na wakati anayeelekeza na anayeelekezwa wangali wanaonana uso kwa uso.